Kumtengenezea Msanii Tovuti: Anza na Picha, Bei na Njia ya Kulipa

Ukijulikana kwenu kama mtu wa kompyuta, siku moja utaombwa kazi hii. Mjomba anachonga mawe, dada anachora, rafiki mliyesoma naye anatengeneza mikoba ya shanga, na wote wamesikia kwamba watu wanauza mtandaoni. Wewe ndiye uliyeenda chuo, kwa hivyo wewe ndiye utakayetengeneza tovuti. Hujawahi kutengeneza hata moja? Sawa tu, tuanze pamoja.

Wengi wanaoanza hukimbilia rangi, maandishi ya mapambo na picha zinazoteleza zenyewe. Sisi kazi yetu ni malipo, kwa hivyo tovuti huwa tunaiangalia kutoka mwisho: pale mteja aliyependa kitu anapoamua kutoa pesa. Ukianzia hapo ukirudi nyuma, utaona tovuti ya msanii ina kazi chache mno. Mtu mwenye simu aone kazi, aamini ni ya huyo msanii kweli, ajue bei, kisha alipe bila wasiwasi. Mengine yote yanaweza kusubiri.

Tutatumia mfano mmoja ili tusiongee hewani. Tuseme mjomba wako ni mchongaji wa Tabaka, kaunti ya Kisii, kule kunakochimbwa jiwe la sabuni. Jiwe lenyewe ni laini, rangi yake ni kuanzia nyeupe ya maziwa hadi waridi. Linachongwa kwa panga na patasi, linasuguliwa kwa msasa na maji, kazi ambayo aghalabu hufanywa na akina mama, kisha linapakwa nta ling'ae. Yaani bakuli moja limepita mikono kadhaa kabla ya kufika sokoni. Na kati ya mchongaji na mnunuzi wa Nairobi au Mombasa mara nyingi kuna broka, ambaye ndiye anayetaja bei. Tovuti haitamwondoa broka. Inachoweza kufanya ni kumletea mjomba mteja wa pili, na mtu mwenye mteja wa pili hana haja ya kukubali bei ya kwanza anayotajiwa.

Kabla ya kufungua kompyuta

Kaa na mjomba na daftari. Muulize ni nani hununua kazi zake sasa: watalii, hoteli, maduka ya Nairobi, ama jamaa walio ng'ambo? Muulize ni vitu gani anaweza kurudia, kama bakuli na seti za chesi, na ni vipi hutokea mara moja tu, kama sanamu kubwa ya familia iliyokumbatiana. Muulize pia anaweza kumaliza bakuli ngapi kwa wiki moja. Swali hili la mwisho watu hulisahau, halafu hoteli inaagiza bakuli 40 kwa ajili ya harusi ya Jumamosi ijayo na mjomba anakosa usingizi.

Majibu hayo ndiyo yatakayopanga tovuti. Vitu vinavyorudiwa vinahitaji bei moja na muda wa kusubiri. Kitu cha pekee kinahitaji picha nyingi zaidi na alama ya kuonyesha kama bado kipo. Na kama mjomba ana vitu vitano tu na havirudii, tutakuambia ukweli: pengine hahitaji tovuti leo. WhatsApp Business ina sehemu ya katalogi ambapo anaweza kuweka picha, maelezo na bei bure, na hiyo itamtosha kwa miezi kadhaa. Tovuti inaanza kuwa na maana pale kazi zinapokuwa nyingi, picha za Instagram zinapozama chini ya nyingine, na yeye anapochoka kujibu "hii ni ngapi?" mara kumi kwa siku.

Sasa chukua karatasi, chora mstatili wenye umbo la skrini ya simu. Usichore skrini ya kompyuta, maana wateja wako wengi wataingia kwa simu. Kurasa tatu zinatosha: Kazi, Kuhusu, na Jinsi ya Kununua. Kwenye ukurasa wa kwanza mtu aone picha nzuri ya kazi kabla hajasoma neno lolote. "Karibuni kwenye tovuti yetu" haimuuzii mtu bakuli.

Picha ndizo duka lenyewe

Hapa ndipo tungetaka utumie muda wako mwingi. Simu ya kawaida yenye kamera nzuri kidogo inatosha, ila lazima ujue mwanga. Piga picha nje, kivulini, asubuhi au alasiri. Jua la saa sita linachoma rangi, na flashi inaacha doa jeupe kwenye jiwe lililopakwa nta hadi mtu asione mchongo. Weka kazi juu ya kitambaa cha rangi moja. Leso ni nzuri, tunaipenda, lakini maua yake yatashindana na bakuli.

Kwa kila kazi piga picha nne: mbele, upande, karibu sana ili mistari ya jiwe ionekane, na moja ikiwa mkononi mwa mtu. Hiyo ya mkononi si ya urembo. Mteja aliye Eldoret hawezi kujua kama kiboko wako anatoshea kiganjani ama ni wa kuwekwa mlangoni. Kama msanii wako ni mchoraji, isimamishe picha wima, simama nayo sawa sawa, simu isiinamie upande wowote, na kama ina kioo kiondoe kwanza.

Halafu zipunguze. Picha moja kutoka kwenye simu inaweza kuwa na MB 4. Ukiweka picha 20 kama zilivyo, unamwambia mteja apakue MB 80 kwa bando lake ili atazame mabakuli. Hatangoja. Tumia programu ya bure kama Squoosh, ambayo hufunguka ndani ya kivinjari bila kuisakinisha, upunguze upana hadi pikseli 1,600 na uihifadhi kama JPEG au WebP. Kila picha itashuka hadi karibu KB 250, na zote 20 zitakuwa takriban MB 5. Kwenye skrini ya simu hakuna atakayeona tofauti.

Kupunguza kuna faida nyingine. Picha ya pikseli 1,600 ikichapishwa kwa ubora wa kawaida wa vitabu, yaani nukta 300 kwa inchi, inatoka na upana wa sentimita 13 na nusu hivi. Kwa hivyo mtu anayetaka kuiba mchoro wa dada yako autengenezee bango kubwa hatafika mbali. Hii ndiyo sababu hatupendekezi kuandika jina la msanii kubwa katikati ya kila picha. Linamchukiza mnunuzi kuliko linavyomzuia mwizi.

Usiache picha ikiitwa IMG_2034. Iite "bakuli-jiwe-la-sabuni-sm30". Programu nyingi za tovuti pia zina nafasi ya kuandika maelezo mafupi ya picha, yajaze. Husomwa kwa sauti na simu ya mtu asiyeona, na mitambo ya kutafuta huyatumia kujua picha inahusu nini.

Chini ya kila picha andika jina la kazi, imetengenezwa kwa nini, vipimo kwa sentimita, mwaka, na bei. Kwa mawe ongeza uzito kwa kilo. Gharama ya kutuma kifurushi hufuata uzito, na jiwe ni jiwe.

Andika bei

Wasanii wengi watakataa. Watakuambia broka ataiona, msanii jirani ataiona, ama mteja ataogopa. Tunawaelewa. Lakini fikiria mtu aliye ndani ya matatu saa moja jioni, amependa sanamu, hajui kama ni shilingi 800 ama 80,000. Kuuliza ni aibu kidogo kwake, kwa hivyo anafunga na kuendelea na mambo yake. Bei iliyoandikwa pia humsaidia mjomba mbele ya broka huyo huyo, kwa sababu anaweza kumwonyesha simu na kusema hii ndiyo bei inayojulikana, wewe ukinunua 50 nitakupunguzia kiasi hiki.

Kwa kazi za kuagiza andika "kuanzia" kisha kiasi. Na useme wazi kama bei ina kufungasha na kutuma ndani yake au la. Jiwe la sabuni huvunjika likianguka, kwa hivyo karatasi, boksi na muda wa kufungasha ni gharama halisi. Amueni mapema pia nani atabeba hasara kikifika kimevunjika, kisha mwandike jibu hilo kwenye ukurasa wa Jinsi ya Kununua, pamoja na kama mnatuma kwa Posta ama kwa kampuni ya basi.

Chombo na jina

Kuchagua chombo kusikuchukue siku tatu. Google Sites ni ya bure ukiwa na akaunti ya Google, na mtu asiyejua lolote anaweza kupanga kurasa tatu kwa mchana mmoja. WordPress.com ina kiwango cha bure pia na ina nafasi zaidi ya kukua. Ukitaka kujifunza HTML jifunze, ni ujuzi mzuri, ila usimfanye mjomba angoje hadi ufuzu. Kama unatumia kompyuta ya saiba, kumbuka kutoka kwenye akaunti kabla hujasimama.

Vyombo vya bure hukupa anwani yenye jina lao ndani yake. Hilo si baya kwa kuanzia. Mambo yakishika kasi, mnunulie msanii jina lake mwenyewe. Majina yanayoishia na .ke husimamiwa na KeNIC, nawe unayanunua kupitia mawakala waliosajiliwa nayo, na wengi wao hupokea malipo kwa simu. Hulipwa kila mwaka.

Na hapa tusikilize kwa makini. Jina hilo liandikishwe kwa jina la msanii, barua pepe ya msanii na nambari ya simu ya msanii. Si yako wewe fundi. Leo mnapatana, lakini mwaka ujao umepata kazi mbali, umebadilisha laini, na ujumbe wa kukumbusha malipo unaenda kwenye barua pepe ambayo hufungui tena. Jina linaisha muda wake, mtu mwingine anaweza kulichukua, na kadi zote alizochapisha mjomba zinaelekeza wateja kwa mgeni. Nywila aandikiwe kwenye daftari lake, aiweke nyumbani mahali anapoweka stakabadhi za shamba.

Njia ya pesa

Tumefika kwetu sasa.

Kwanza, tumieni nambari ya till ya biashara badala ya nambari ya kibinafsi ya mjomba. Nambari ya kibinafsi inachanganya pesa za unga, karo na mawe katika pochi moja, na mwisho wa mwezi hajui kama amepata faida. Pia inasambaza nambari ya familia kwa kila mtu. Till ina rekodi yake, na mteja anapolipa anaona jina la biashara.

Jina hilo ni muhimu kuliko wateja wengi wanavyodhani. Kwenye ukurasa wa Jinsi ya Kununua andika nambari ya till na, kando yake, jina lile lile litakalotokea kwenye simu ya mteja anapolipa. Kisha ongeza sentensi moja: ukiona jina tofauti, usilipe, tupigie. Tapeli anaweza kunakili picha zote za tovuti kwa dakika kumi na kuweka nambari yake. Mteja aliyezoea kulinganisha jina ndiye atakayemgundua.

Nambari iandikwe kama maandishi ya kawaida, si ndani ya picha, ili mtu aweze kuinakili bila kukosea tarakimu. Weka na kitufe cha WhatsApp. Ni kiungo rahisi: https://wa.me/ kisha nambari ukianza na 254, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mbele, yaani wa.me/2547XXXXXXXX. Akibonyeza, mazungumzo yanafunguka moja kwa moja.

Kuna mfumo wa kisasa zaidi, ambapo mteja anabonyeza "Nunua" na ombi la malipo linajitokeza kwenye simu yake aweke PIN tu. Ni mzuri, lakini unahitaji mtu anayejua kuunganisha programu. Kwa bakuli sita kwa wiki, till na WhatsApp zinatosha kabisa. Kwa wateja wa ng'ambo, wasanii wengine hutumia PayPal, ambayo tangu 2018 imeunganishwa na M-PESA.

Pili, mfundishe mjomba kupokea. Malipo yamefika pale tu ujumbe wa uthibitisho unapoingia kwenye simu ya biashara kutoka kwa kampuni yenyewe, na salio likionyesha hivyo. Picha ya skrini iliyotumwa na mteja haihesabiki. Ujumbe uliotoka kwa nambari ya kawaida ya mtu hauhesabiki, hata ukiwa umepangwa vizuri namna gani. Sanamu isitoke kwenye karakana kabla salio halijaangaliwa. Wanaotumia ujanja huu hupenda kuja na haraka: basi liko karibu kuondoka, dereva anangoja. Basi lingine lipo.

Mwingine atapiga simu aseme ametuma pesa kimakosa, mjomba amrudishie kwa nambari nyingine. Asirudishe kutoka mfukoni. Amwambie afuate utaratibu wa kurejesha malipo wa kampuni yake ya simu, na kama alituma kweli, atarudishiwa kwa njia hiyo. PIN haimhusu mtu yeyote, ukiwemo wewe unayetengeneza tovuti. Hakuna hatua hata moja katika somo hili inayohitaji PIN ya msanii, wala picha ya kitambulisho chake kwenye tovuti.

Tatu, kazi ya kuagiza iwe na amana. Nusu kabla ya kuanza kuchonga ni mpango wa haki: mchongaji amenunua jiwe, mteja ameonyesha nia. Andikeni ni nini kitatokea mmoja akibadilisha mawazo.

Ukurasa wa Kuhusu

Huu uwe mfupi. Weka picha ya mjomba akiwa kazini, mikono ikiwa na vumbi, kisha maneno yake mwenyewe aliyoyasema ulipomuuliza alijifunza kwa nani. Wataje na wanaosugua na kupaka nta. Acha "msanii mashuhuri duniani". Kama amewahi kuonyesha kazi mahali, andika mahali na mwaka, basi. Wajukuu, kundi la wasanii kutoka Mukuru, Nairobi, lilishiriki maonyesho ya documenta fifteen kule Kassel, Ujerumani, 2022, na likashinda tuzo ya Arnold Bode mwaka huo. Jambo kama hilo linatosha kuandikwa kwa mstari mmoja usio na chumvi, na mtu wa galari atalithibitisha mwenyewe.

Chini kabisa andika jina la msanii na mwaka, na kwamba picha zisitumiwe bila ruhusa. Hapa Kenya hakimiliki ya kazi ya sanaa haingoji usajili. Inakuwepo kazi inapotengenezwa, na hudumu maisha ya msanii na miaka 50 baada yake. Kuiandikisha kwa KECOBO husaidia mkija kubishana. Na kama tovuti inakusanya majina na nambari za wateja, waambie ni za nini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu hata wafanyabiashara wadogo, kwa hivyo nambari ya mtu aliyenunua bakuli isiishie kwenye kundi la WhatsApp la matangazo ambalo hakuomba.

Ijaribu kabla ya kuitangaza

Chukua simu ya zamani zaidi pale nyumbani, zima Wi-Fi, fungua tovuti kwa data. Kama picha ya kwanza inachelewa, punguza tena. Mpe shangazi simu bila kumweleza chochote, umwambie anunue bakuli. Usimsaidie. Pale atakapokwama ndipo pa kurekebisha. Amalize hadi mwisho kwa kulipa shilingi 20 kwenye till, na muangalie pamoja kama jina lililojitokeza ni lile mliloandika na kama ujumbe umefika kwa mjomba.

Kuhusu malipo yako wewe fundi, kubalianeni siku ya kwanza, hata kama ni bakuli mbili na nauli. Ongeeni pia ni nani atabadilisha picha baadaye. Vizuri zaidi awe mtu aliye Tabaka, pengine binti wa mjomba mwenye simu, kwa sababu kitu kikiuzwa alama ya "Imeuzwa" inafaa kuwekwa siku hiyo hiyo, kabla mtu wa pili hajakilipia. Mwonyeshe mara mbili, kisha mwache afanye mwenyewe mara ya tatu wewe ukitazama.